Gitaa Lililonuka Sifa

Gitaa lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha mbele, uso wake umegeuziwa ukutani. Nilipohamia nyumba ile ya Kilindoni kama mpangaji, hicho kilikuwa kitu cha kwanza nilichokiona na cha mwisho nilichokiuliza. Kazi yangu ni kukusanya habari. Imenifundisha kwamba kitu kilichogeuziwa ukutani kina mwenyewe, na mwenyewe akitaka kukisema atakisema.

Mwenyewe alikuwa kijana wa mama mwenye nyumba. Nilielezwa habari zake kidogo kidogo, mama akiwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, macho yake kwenye sinia. Kijana alikuwa akiwapeleka wageni baharini kuogelea na papa potwe, yule samaki mkubwa mwenye madoa asiyedhuru mtu. Mgeni mmoja alimwachia gitaa lake alipoondoka. Waliofuata walipoliona kwenye boti wakawa wanampa stika za kwao, naye akazibandika zote, mpaka gitaa likafanana na mlango wa saluni.

Kisha siku moja, bahari ikiwa shwari kabisa, alichukua ngalawa ya jirani aende Bwejuu kumtazama rafiki yake. Bwejuu hakufika. Ngalawa ilikutwa upande wa Ras Kisimani, imevutwa juu mchangani mahali ambapo maji hayafiki. Tanga lilikuwa limekunjwa. Viatu vyake vya plastiki vilikuwa ndani, vimewekwa sambamba kama vinavyowekwa mlangoni mwa mtu. Niliwauliza walioikuta, mmoja mmoja, siku tofauti, nikitarajia kwamba mahali fulani maelezo yatapishana. Hayakupishana. Nilipouliza kuhusu nyayo, kila mmoja alisema hakuona hata moja.

Mama hakumwita marehemu. Alisema, "Hapendi chai ya maziwa, anapenda mkandaa, ile kavu." Alisema, "Akilala mchana huwa mkali akiamshwa." Kitu kimoja tu alikisema kwa wakati uliopita, nacho ni harufu. Kabla ya kazi ya wageni, kijana alikuwa fundi msaidizi wa mjomba wake, akipaka vyombo vya baharini sifa, yale mafuta yanayochemshwa kutoka kwenye maini ya papa, ambayo mbao zikiyanywa hazinywi tena maji. Harufu ya sifa ni nzito na ina uchachu, hukaa kwenye ngozi hata uoge kwa sabuni gani. "Hata siku ya Idi alikuwa ananuka," mama alisema. "Nilikuwa namfukuza chumbani. Toka, nenda ukakae na mashua zenzio." Kijana alipotoweka, mama alichukua shati lake moja akalifunga kwenye mfuko wa nailoni, akawa analifungua mara moja moja. Siku moja alilifungua likawa linanuka nailoni.

Mjomba mtu ndiye aliyelileta suala la gitaa. Alikuwa kaka mkubwa wa mama, fundi wa kalafati, mzee mwenye viganja vyeusi vilivyopasuka kwa kuziba mianya ya vyombo kwa pamba na mafuta. Alikuja asubuhi, akakaa kwenye baraza ya uani, akakataa chai, na mimi nikajua kuna jambo. Nilitaka kuondoka. Mama akanikazia jicho, nikabaki.

"Mwaka unageuka, dada," alisema. "Tumsomee hitma."

"Umemzika wewe?"

"Sijamzika."

"Basi usinizikie."

Mzee alivuta pumzi. "Watu wananiuliza msikitini. Nawajibu nini? Nasema dada yangu anamsubiri mtu kwa kuwa tanga lilikunjwa?"

"Waambie tanga halijikunji."

Walibishana kwa sauti ya chini, kama watu waliokwishabishana jambo hilohilo mara nyingi na sasa wanapitia tu. Mwishowe mama alikubali kitu kimoja. Watu waje, wasome, lakini iwe dua na si hitma, maana hitma husomewa aliyekufa. Tena isomwe chumba cha mbele, na gitaa libaki kwenye msumari wake.

"Na yale masanamu?" mzee aliuliza. Hapo alikuwa mkali kweli. Kama wengi wa hapa, aliamini kwamba malaika hawaingii nyumba yenye picha za viumbe. "Watu wamkabili Mola wao, nyuma ya mlango kuna jike linakenua meno? Nyoka? Jicho limekaa peke yake halina mwenyewe? Dada, ama picha zitoke, ama gitaa litoke. Na likitoka, mimi nalitia kwenye moto wa kuchomea chombo, yaishe."

Mama alinigeukia. "Mwanangu, wewe si unapiga gitaa kanisani kwenu? Stika zinatoka?"

"Zinatoka, mama."

"Bila kuliumiza?"

Nilisema nitajaribu. Mzee akacheka kwa pua. "Haya, bwana mwandishi. Leo uandike kwa kufuta."

Alipoondoka mama alinieleza, bila mimi kuuliza, kwa nini hawezi kuliachia. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye fremu.

"Wenzangu wana kaburi," alisema. "Mimi nina msumari."

Siku iliyofuata nilitandika kanga kuukuu kwenye meza ya uani, nikalilaza gitaa chali. Nilikuwa nimewahi kusafisha gitaa la kwaya, kwa hiyo nilijua mambo machache na niliyafuata kwa utaratibu. Petroli haifai, na ile dawa ya kutolea rangi ya kucha ndiyo mbaya zaidi, hulainisha vanishi mpaka ikashika alama ya kitambaa. Wembe ndio usiuguse kabisa. Unachohitaji ni joto dogo, mafuta, na subira. Joto nililipata kwa jirani mwenye saluni, aliyeniazima draya yake kwa sharti moja: "Ikirudi inanuka uchawi, unanunua nyingine." Alikuwa anatania, lakini hakuingia uani kuliona gitaa. Mafuta yalikuwa ya nazi, ya mama mwenyewe. Kwanza nilipaka tone mahali pasipoonekana, karibu na kifungo cha mkanda, nikasubiri, nikapangusa, nikaona vanishi imekaa salama.

Nilianza na stika ndogo za pembeni. Unaipasha kwa mbali mpaka ncha inyanyuke, unapenyeza kadi ya plastiki chini yake ukiilaza, unavuta polepole kufuata ngozi ya mbao, si kwenda juu. Nyingine zilitoka nzima. Zile zilizokwishakula jua na chumvi zilikatikakatika, zikaacha karatasi nyeupe na gundi iliyoshika vumbi, nyeusi pembeni kama ukoko. Hiyo unaipaka mafuta, unaiacha inywe, halafu unaisugua kwa kidole ndani ya kitambaa, nayo inajisokota vijinyuzi kama unga wa chapati. Nilipiga picha kwa simu kila nilipomaliza sehemu. Ndivyo nilivyozoea.

Nyoka alitoka. Jicho likatoka. Nikiwa kwenye stika ya mwanamke anayecheka, mama aliniita kutoka jikoni.

"Chai tayari!"

Gitaa likavuma.

Sauti ilikuwa ndogo, nene, inatoka kwenye uzi wa tano. Sikuwa nimeugusa. Niliweka kiganja juu ya nyuzi, sauti ikakatika.

"Mama," nikasema, "hebu sema tena."

"Niseme nini? Chai inapoa!"

Kiganja changu kilikuwa kimenyanyuka. Uzi ukavuma tena, ukaendelea hata baada ya yeye kunyamaza. Sababu nilikuwa naijua. Uzi uliokazwa kwa sauti fulani hutikisika sauti hiyohiyo ikipita karibu, kama vikombe kabatini vinavyolia lori likipita. Mama alikuwa na sauti nzito, na ilikuwa imeangukia palepale. Kuijua sababu hakukunisaidia kitu. Niliangalia kote uani, kuku wakiwa kivulini, jua liko wima, hakuna hata jani linalotikisika.

Mama alikuja na kikombe, akaona jinsi nilivyokaa.

"Ah. Linaitika," alisema, akakiweka kikombe mezani. "Siku zote linaitika. Ulidhani nazungumza na nani jioni?"

Nilikuwa nimemsikia, kweli, jioni nyingi, kupitia ukutani. Nilikuwa nimedhani anasali.

Zilipotoka stika nyingi niliona jambo jingine, ambalo nilipaswa kulitarajia. Mbao ya uso wa gitaa hubadilika rangi kwa mwanga, ikazidi kuwa ya asali mwaka hadi mwaka. Lakini pale stika zilipokaa mwanga haukufika. Kila stika niliyoibandua iliacha umbo lake, jeupe, kama ngozi iliyokuwa chini ya saa ya mkononi. Nyoka alikuwepo, bila magamba. Jicho lilikuwepo, bila mboni. Mwanamke alikuwa kichwa na shingo na mkono ulioinuliwa, vyote vyeupe, kicheko hakuna. Nilisugua, ingawa nilijua kusugua hakufai kitu. Nilizidisha mafuta. Maumbo yakang'aa tu vizuri zaidi.

Ilibaki stika moja, kubwa kuliko zote, ya papa potwe, chini kidogo ya tundu la gitaa. Niliipasha kwa muda mrefu. Ilitoka nzima, kwa sauti ya kitambaa kinachochanika, na gundi yake yote ikabaki kwenye mbao, safi, ya manjano, haijashika vumbi. Katikati ya gundi kulikuwa na kidole gumba.

Kilikuwa kamili. Mistari yote ilionekana, mizunguko mizunguko, na upande mmoja kovu dogo lililoikata mistari kama barabara inavyokata shamba. Alikuwa ameikamata stika kwa upande wa gundi kabla hajaibandika, na gundi ikahifadhi. Hakukuwa na shaka ni cha nani. Nilipiga picha. Kisha nikamwita mama, na sikulitazama gitaa wakati linavuma kumjibu.

Aliinama juu yake kwa muda mrefu. Alitoa kidole gumba chake akakishikilia juu ya kile, karibu, bila kugusa.

"Hapa alijikata kwa shoka," alisema. "Kwa kaka. Nilimfunga kwa tumbaku." Kisha akauliza, "Na hii gundi lazima itoke?"

Nilimwambia ukweli. Gundi ikibaki itashika vumbi, kidole kitakuwa doa jeusi tu. Lakini si lazima itoke leo, na pale pamebaki gundi, si picha. Labda mzee angekubali.

"Kidole si uso," mama alisema. Alikuwa anajaribu maneno atakayomwambia kaka yake. "Kidole hakina roho. Eti, mwanangu?"

"Hakina, mama."

"Basi acha. Nikaitafute miwani yangu."

Mama alikuwa bado ndani mzee alipopita mlango wa uani. Alikuwa anatoka moja kwa moja kwenye chombo, suruali imekunjwa, chupa ya plastiki mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado unalikuna?" Alisogea, akaona kitambaa changu na kibakuli cha mafuta ya nazi. "Unalipaka kama kitoto kichanga! Hivyo utamaliza Ramadhani. Mbao ni mbao, bwana mwandishi, iwe mashua iwe hiki kidubwana. Gundi ya namna hii, dawa yake hii hapa."

Nilisema, "Mzee, subiri," na nilisema vizuri, nilisikika. Lakini yeye ni mtu aliyepaka vyombo maisha yake yote, na mkono wake ulikuwa umefika kabla ya neno langu. Alimimina sifa juu ya gitaa kama anavyomimina juu ya ubao wa mashua, akaweka kiganja chake kile kilichopasuka, akasugua kwa nguvu, duara, duara. Gundi ikayeyuka. Mafuta yakatiririka, mengine yakaingia kwenye tundu, nikayasikia yakidondoka ndani.

"Unaona?" alisema. "Hata pumzi haikunitoka."

Harufu ilijaa uani. Jua lilikuwa kali na harufu ikapanda nalo, ile nzito yenye uchachu, ikapita kwenye mlango wazi, ikaingia ndani.

Ndani, nyayo za mama zilikuwa zinakuja. Zikasimama. Kisha zikageuka, zikaenda haraka kuelekea chumba cha mbele, kwenye mlango wa barabarani, na tukasikia komeo linafunguliwa.

"Karibu," alisema mama. "Mbona hodi hupigi?"

Chini ya kiganja cha mzee, gitaa lilitaka kuvuma likashindwa. Nililiona. Naye alilihisi, maana aliondoa mkono kama aliyegusa jiko.

Mama alikaa mlangoni kule muda wa mtu kutazama barabara mpaka mwisho wake, huku na huku. Aliporudi alikuwa amevaa miwani. Alitazama chupa, akatazama mikono ya kaka yake, kisha mahali palipokuwa na kidole. Palikuwa na umbo jeupe la papa potwe, linang'aa mafuta.

"Kilikuwa hapa," alimwambia. "Dole lake. Lenye shoka lako."

"Dole gani?" Mzee alinigeukia. "Dole gani?"

Nilitoa simu nimwonyeshe. Nilikuwa na picha za nyoka, za jicho, za mwanamke, zote kali, kila ukingo unaonekana. Picha ya kidole ilikuwa mng'ao mtupu wa jua kwenye gundi. Niliikuza, nikaizungusha. Palikuwa na mwanga tu.

Mzee alikaa chini sakafuni, si kwenye kiti. "Dada, wallahi sikujua."

"Najua hukujua," mama alisema. Lakini alikuwa hamtazami. Uso wake ulikuwa umeinuliwa kidogo, kama mtu anayesikiliza kwa pua.

Alasiri ile nililisafisha gitaa kwa kitambaa kibichi na tone la sabuni, nikalikausha, nikarudia. Juu lilitakata. Lakini ndani ya gitaa mbao haina vanishi, ni kavu, na mbao kavu hunywa sifa na kuikaza, ndiyo kazi ya sifa. Nilimwambia mama naweza kujaribu kufikisha spiriti kule ndani kwa kitambaa kwenye kijiti.

"Acha," alisema.

Kabla ya siku ya dua mzee alikuja kukagua. Safari hii alipiga hodi mara zote tatu na alikuwa amevaa kanzu. Mama alilileta gitaa mwenyewe na kuliweka mapajani kwa kaka yake. Aliyapitia maumbo meupe moja moja. Kwa mwanamke alisimama, akafuata ukingo wa kichwa kwa ukucha wake.

"Hana macho," alisema. "Hana mdomo. Picha ni uso. Hii si picha."

"Basi ni nini?" mama aliuliza.

Mzee aliondoa ukucha. Alinipa mimi gitaa, ingawa dada yake alikuwa karibu zaidi. "Litundike."

Mama alilichukua mikononi mwangu akalitundika. Hakuligeuza ukutani tena.

Dua ilisomwa baada ya alasiri. Mikeka ilitandikwa ukuta hadi ukuta, juzuu zikagawanywa, wanawake wakakaa chumba cha ndani nyuma ya pazia. Mimi nilikaribishwa kama mpangaji, nikakaa baraza ya mbele, mahali ambapo kupitia mlango ulio wazi nilikuwa naona nusu ya chumba na, kwenye ufa wa bawaba, upande mmoja wa gitaa. Watu walisoma kila mmoja juzuu yake, kwa pamoja, na sauti hizo nyingi zilipokutana mahali fulani chini, uzi wa tano uliingia katikati yao. Aliyeketi karibu na mlango aliinua uso, akauteremsha.

Chumba kilipata joto kwa miili ya watu, na sifa ikaanza kupanda.

Nilimwona yule wa karibu na mlango. Hakuacha kusoma wala hakugeuka. Alikusanya kanzu yake, akanyanyua magoti, akasogea, kama unavyofanya msikitini ukihisi mtu amekuja kusimama kando yako. Jirani yake naye akasogea, bila kutazama. Ikapatikana nafasi kwenye mkeka, chini ya msumari, ya kumtosha mtu mmoja. Waliochelewa walifika mlangoni, wakaiona, wakaipita kwa macho, wakaja kukaa nami barazani kwenye jua.

Pazia la ndani lilikuwa limefunuliwa upana wa uso mmoja. Mama alikuwa anaitazama ile nafasi.

Mzee ndiye aliyeomba dua ya mwisho. Mikono yake myeusi ilikuwa imeinuliwa, sauti yake imara, na alianza kama inavyoanza kwa waliotangulia. Alikuwa anakaribia mahali ambapo neno lenyewe, marehemu, hutajwa, na kila mtu pale alikuwa analisubiri, mama kuliko wote. Hapo alifungua macho. Sijui kama ni harufu au ni uzi. Aliangalia ile nafasi kwenye mkeka, mikono ikiwa bado juu.

"Na kijana wetu," alisema, "popote alipo."

"Amina," walisema. Nyuma ya pazia sauti moja nzito ilichelewa kidogo kuliko nyingine, na gitaa likaifuata.

Masinia yaliletwa, watu wakala, wakanawa, wakaaga. Wanawake walipokuja kukunja mikeka, walianzia upande wa pili wa chumba. Ile sehemu ya mlangoni waliiacha mpaka mwisho, wakaizunguka na vyombo, kama anavyoachiwa mtu ambaye bado anakula.